Nguvu Zaidi Katika Gari la Kila Siku: Majibu kwa Wasomaji

Barua zilizochaguliwa kwa toleo hili zote zinagusa jambo moja. Wanaoziandika wanataka gari lao liwe jepesi zaidi barabarani, lakini gari hilohilo ndilo linalowapeleka kazini, linalowapeleka watoto shule na linalotegemewa usiku mtu akiugua. Hawana gari la pili la kushika siku hilo litakapolala gereji. Nimezijibu kwa kuzingatia hali hiyo, kwa hiyo baadhi ya ushauri utaonekana wa woga kwa mtu wa mashindano.

SWALI: Ndugu Mhariri, gari langu lina injini ya petroli ya lita 2.0 yenye tabo, na limetembea kilomita 110,000. Fundi mmoja ameniambia kwamba akipanga upya programu ya kompyuta ya injini nitapata nguvu zaidi kwa asilimia 30 bila kubadilisha kifaa chochote. Rafiki yangu ananionya kwamba nitaua injini. Nimsikilize nani?

JIBU: Ndugu msomaji, fundi wako hajatia chumvi kuhusu kiasi. Injini nyingi za miaka ya karibuni zenye tabo, kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya silinda, huongezeka nguvu kwa asilimia 20 hadi 30 kwa kubadilishiwa programu tu. Unachopaswa kumuuliza ni nguvu hiyo inatoka wapi, kwa kuwa pistoni, konrodi (mikono inayoshika pistoni) na rejeta zitabaki zilezile.

Inatoka katika akiba. Mtengenezaji anapoipangia injini kazi, hamfikirii dereva mwangalifu peke yake. Anamfikiria pia yule atakayejaza petroli hafifu, yule atakayechelewesha kubadilisha oili, na yule atakayepanda mlima mrefu katika jua la mchana gari likiwa limejaa watu na mizigo, na injini moja inapaswa kuwavumilia wote hao kwa miaka mingi. Kwa hiyo huacha nafasi kati ya kazi anayoiruhusu na kazi ambayo vyuma vingeweza kustahimili. Anayepanga upya programu huchukua sehemu ya nafasi hiyo na kuigeuza kuwa mwendo. Sioni kosa katika kufanya hivyo, mradi ujue kiasi gani kimechukuliwa na kiasi gani kimebaki. Gari la mashindano huchaguliwa petroli, huendeshwa kwa dakika chache na kufunguliwa na mafundi baada ya kila mbio. Gari lako hukaa kwenye foleni, huwashwa asubuhi likiwa la baridi, na hujazwa mafuta katika kituo chochote kilicho njiani. Kila jambo ambalo akiba iliwekwa kwa ajili yake, gari lako litakutana nalo.

Kinachoila akiba hiyo kwa haraka zaidi ni joto. Hewa ikigandamizwa hupata moto. Tabo inayosukuma hewa kwa presha ya bar 1 juu ya ile ya kawaida, ikiwa imeivuta hewa hiyo kwa nyuzi 25 za Selsiasi, huitoa ikiwa na nyuzi zaidi ya 100 kabla haijafika kwenye intakula, yaani kipozeo cha hewa hiyo. Intakula iliyowekwa kiwandani ilikadiriwa kwa presha ya kiwandani. Ukiongeza presha bila kuibadilisha, mara ya kwanza unapokanyaga utafurahi, mara ya pili pia, na kufikia ya nne hewa inayoingia kwenye silinda itakuwa ya moto kiasi kwamba kompyuta italazimika kurudisha nyuma wakati wa cheche. Hapo nguvu uliyoinunua inatoweka, na mara nyingi gari linakuwa zito kuliko lilivyokuwa mwanzo.

Kompyuta hufanya hivyo ili kuzuia injini kugonga. Katika hali ya kawaida plagi hutoa cheche, na moto husambaa ndani ya silinda kwa mpangilio. Joto na presha vikizidi, mchanganyiko ambao moto haujaufikia hujiwasha wenyewe kwa ghafla, na mtikisiko wake hupiga pistoni kama nyundo. Kwanza huvunjika zile kuta nyembamba zilizo kati ya mifereji ya ringi, kisha injini huanza kula oili na kupoteza mgandamizo. Okteni ya petroli ndiyo kipimo cha uwezo wake wa kuhimili hali hiyo, na hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wawe wakali kwa mafundi wao. Programu iliyopangwa kwa petroli ya RON 98 (RON ni namba ya okteni) haifai gari linalojazwa RON 95 hata kama ni mara moja kwa mwezi. Kihisi cha kugonga kitajitahidi kuiokoa injini, lakini kihisi hicho hufanya kazi baada ya kugonga kuanza, na hakikuwekwa ili kitumike kila siku kama breki.

Kama ningekuwa katika nafasi yako, ningemwambia fundi apange programu kwa petroli hafifu kuliko zote ambazo huwa najaza, na ningemwomba asilimia 15 au 20 badala ya 30. Ningemwomba pia asipandishe sana nguvu ya msokoto chini ya mizunguko 2,500 kwa dakika. Ombi hili wengi hawalipendi, kwa sababu msukumo wa chini ndio unaomfanya mteja atabasamu anapojaribu gari. Lakini presha kubwa ndani ya silinda wakati injini inazunguka polepole ndiyo inayopinda konrodi, na katika injini zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hapo ndipo mchanganyiko huwaka hata kabla ya cheche kutoka. Tatizo hilo la mwako wa mapema katika mwendo mdogo lilitambulika kiasi kwamba viwango vya oili vya Taasisi ya Petroli ya Marekani, API SN Plus, mwaka 2018, na API SP, mwaka 2020, viliwekewa majaribio yake. Tafuta maandishi ya API SP kwenye galoni la oili yako, na uzito wa oili uwe ule ulioandikwa kwenye kitabu cha gari.

Kabla ya yote hayo, injini ipimwe. Kilomita 110,000 si nyingi, lakini zinatosha kuchosha koili, kulegeza mabomba ya hewa na kujaza masizi kwenye vali za kuingizia, hasa katika injini za aina niliyoitaja, ambazo petroli yake haipiti juu ya vali hizo na kuziosha. Pima mgandamizo wa kila silinda. Tofauti ikizidi asilimia 15 kati ya silinda yenye mgandamizo mkubwa na yenye mdogo, achana na nguvu za ziada na utafute kwanza sababu. Badilisha plagi, kulanti na oili. Mfumo wa kupoza ndio ninaousisitiza zaidi, na sababu ni kwamba uliniumiza mimi mwenyewe: miaka kadhaa iliyopita niliongeza presha ya tabo katika gari langu nikaiacha rejeta kuukuu kwa kuwa haikuwa inavuja, na katika foleni ndefu ya jioni geji ya joto ilipanda, gasketi ya silinda hedi ikaungua, nikakaa wiki tatu bila gari. Rejeta ile ilikuwa imeziba nusu kwa ndani. Ilitosha kwa nguvu ya kiwandani, haikutosha kwa kilichozidi.

Kazi ikishafanyika, omba kumbukumbu za kompyuta zilizochukuliwa gari likiwa barabarani, si karatasi ya nguvu za farasi peke yake. Utazame joto la hewa inayoingia, kiasi ambacho cheche inarudishwa nyuma katika kila silinda, na uwiano wa hewa na petroli. Petroli huungua kikamilifu kwa uzani wa sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli, lakini tabo inapofanya kazi kwa nguvu injini nyingi huhitaji mchanganyiko mzito zaidi, unaokaribia 12 kwa 1, ili petroli ya ziada ipoze silinda. Fundi asiyeweza kukuonyesha namba hizo hajui alichokuachia, hata kama ana mkono mzuri. Mwisho, iarifu kampuni ya bima na usome masharti ya dhamana ikiwa bado ipo, kwa sababu yote mawili huweza kukugeuka siku ya ajali.

SWALI: Gari langu ni dogo, injini ya lita 1.5 isiyo na tabo. Nataka kuweka chujio la hewa la wazi na ekzosi pana, na kutoa masega yanayosafisha moshi. Je, nitapata nguvu kiasi gani, na kuna madhara?

JIBU: Utapata sauti nyingi na nguvu kidogo sana. Injini isiyo na tabo huvuta hewa kwa mzunguko wake yenyewe, na wahandisi wa kiwandani walishaipanga mianya yake kwa ukubwa wa silinda zake. Kwa programu mpya pamoja na vifaa hivyo vyote, ongezeko la asilimia 5 hadi 10 ndilo la kutarajia, na nyingi ya hiyo huonekana juu kabisa ya mizunguko, mahali ambapo katika safari za kila siku hufiki. Chujio la wazi lililowekwa juu ya injini bila kukingwa huvuta hewa ya moto kutoka kwenye boneti, nalo boksi la kiwandani ulilolitoa lilikuwa linavuta ya baridi kutoka mbele. Machujio ya pamba yanayopakwa mafuta yana kasoro nyingine: yakipakwa kupita kiasi, mafuta husafiri hadi kwenye kihisi cha kupimia hewa na kukifanya kidanganye kompyuta. Ukilishusha chujio chini karibu na bampa ili lipate hewa ya baridi, kumbuka kwamba siku ya mvua kubwa litakuwa ndani ya dimbwi. Maji hayagandamiziki, yakiingia kwenye silinda konrodi hupinda papo hapo.

Masega yaache. Kuyatoa ni kosa kisheria katika nchi nyingi, na hewa utakayowavutisha walio nyuma yako ni chafu kweli. Kama yameziba, yabadilishwe kwa mapya.

Fedha hiyo ningeihamishia kwenye matairi mazuri, shokomzoba mpya na breki, na ninasema hivi nikiwa na hakika kwamba ndiyo itakayokupa furaha unayoitafuta. Gari dogo linaloshika barabara vizuri hupita konani bila kupoteza mwendo, na mwendo usioupoteza huna haja ya kuutafuta tena kwa injini. Kuhusu breki, fikiria hesabu hii: nishati ambayo breki zinapaswa kuimaliza hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo, kwa hiyo kutoka kilomita 100 kwa saa hadi 120 mwendo umeongezeka kwa asilimia 20, lakini kazi ya breki imeongezeka kwa asilimia 44. Anza na mafuta ya breki. Hunyonya unyevu kutoka hewani, na yale ya DOT 4, ambayo kiwango kinataka yakiwa mapya yasichemke chini ya nyuzi 230, huruhusiwa kuchemka kwa nyuzi 155 yakishashika maji. Yabadilishe kila baada ya miaka miwili.

SWALI: Nina Toyota Supra yenye injini ya 2JZ-GTE. Kila mtu ananiambia injini hii haivunjiki, na kwamba naweza kuweka tabo moja kubwa, nifikie nguvu za farasi 600 na bado niitumie kila siku. Ni kweli?

JIBU: Sifa za injini hiyo zina msingi. Ni silinda sita za mstari, lita 3.0, bloku ya chuma cha kusubu isiyo na mianya mikubwa kuzunguka silinda, na krankishafti (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) inayoshikwa na beringi kuu saba. Tena iliuzwa wakati watengenezaji wa Japani walikuwa wamekubaliana kutotangaza zaidi ya nguvu za farasi 280 kwa magari ya soko lao, makubaliano yaliyodumu hadi 2004, kwa hiyo namba iliyoandikwa ilikuwa chini ya uwezo wa vyuma. Injini chache zimewahi kutoka kiwandani na akiba kubwa namna hiyo.

Hata hivyo wanaosema haivunjiki wanazungumzia bloku. Gari haliendi kwa bloku peke yake. Kama yako ni ya soko la Japani, magurudumu ya ndani ya tabo zake za kiwandani upande wa moshi ni ya kauri, nyepesi na zinazoitika haraka, lakini hupasuka presha ikipandishwa, na Nissan RB26DETT ya Skyline GT-R ina udhaifu uleule. Wengi wameongeza presha kidogo tu, wakiamini simulizi za bloku, wakaishia kuokota vipande vya kauri kwenye ekzosi. Ukiziondoa na kuweka tabo moja kubwa, shida hiyo imekwisha na nyingine zimeanza: nozeli kubwa, pampu ya mafuta yenye uwezo, klachi ngumu inayochosha mguu kwenye foleni, na tabo inayochelewa kuamka, ambayo mjini itakufanya uendeshe gari zito lenye mgandamizo mdogo mpaka mizunguko ipande.

Kisha kuna umri. Supra ya aina hiyo ilianza kuuzwa 1993, kwa hiyo mipira ya maji, sili za oili, plastiki za soketi na nyaya za kihisi zote zimekaa katika joto kwa muda unaokaribia au kupita robo karne. Hizo ndizo zitakazokulaza njiani, wala si konrodi. Anayetaka kulitumia gari hili kila siku kwa muda mrefu ningemshauri atumie bajeti ya mwaka wa kwanza kubadilisha kila mpira, kila sili, pampu ya maji, mkanda wa taimingi na rejeta, kisha aweke tabo ya ukubwa wa kati yenye gurudumu la chuma na kompyuta ya kisasa iliyopangwa kwa uangalifu, na atosheke na nguvu za farasi 400 hivi. Katika kiwango hicho gari huwaka asubuhi bila kusitasita, hutembea foleni bila kupanda joto, na likikanyagwa bado litamshtua aliyeketi pembeni. Mia sita inawezekana pia. Ila hapo utakuwa na gari la mwisho wa wiki, na utahitaji jingine la Jumatatu.

SWALI: Nimelishusha gari chini kwa springi fupi na sasa matairi yanakwisha upande wa ndani. Nifanye nini?

JIBU: Lipeleke likapimwe ulalo na uelekeo wa magurudumu. Gari likishuka, magurudumu ya aina nyingi za sasponsheni huinamia ndani kwa juu, lakini kinachotafuna tairi kwa haraka zaidi ni uelekeo wa mbele kubadilika, na huo hurekebishika kwa nusu saa. Kama ulalo haurekebishiki kwa boliti za kiwandani, weka bushi au boliti zinazoruhusu marekebisho. Angalia pia kama shokomzoba ni zile za zamani: zikifanya kazi na springi fupi na ngumu hugonga mwisho wake kila shimo na kufa mapema, na mara nyingi mtu hulaumu springi. Milimita 20 au 30 zinatosha kwa barabara za kawaida. Zaidi ya hapo unapoteza nafasi ya gurudumu kusafiri, na gari linaanza kurukaruka mahali ambapo lile la kiwandani lingepita kimya.

SWALI: Nguvu nimeshaziongeza mwaka jana na gari linakwenda vizuri. Ni mazoea gani ya kila siku yatakayoifanya injini idumu?

JIBU: Ninafurahi umeuliza gari likiwa bado zima.

La kwanza ni kungoja oili ipate moto. Geji ya dashibodi huonyesha joto la maji, nayo maji hutangulia. Oili huhitaji dakika kadhaa zaidi, na ikiwa nzito haifiki kwa wingi wa kutosha mahali palipo na mzigo mkubwa. Endesha polepole kwa dakika 10 hadi 15 za mwanzo, usivuke mizunguko 3,000, ndipo ukanyage. Mwisho wa safari ufanye kinyume chake. Mhimili wa tabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na upande wake mmoja unapokea moshi ambao katika injini ya petroli huweza kukaribia nyuzi 900. Ukizima ghafla, oili iliyosimama ndani ya beringi zake huungua na kuacha makaa yanayoziba njia. Kilomita ya mwisho iendeshe kwa upole na utakuwa umemaliza.

Muda wa kubadilisha oili ugawe kwa mbili: kitabu kikisema kilomita 15,000, wewe badilisha kwa 7,500. Plagi nazo zisingoje muda wa kitabu, kwa sababu presha kubwa huifanya cheche ishindwe kuruka mwanya uliopanuka. Kama gari ni la otomatiki, puuza maneno kwamba oili ya giaboksi ni ya maisha yote, kwani iliyokadiriwa kudumu ni ile inayobeba nguvu ya kiwandani.

Na kila unapobadilisha oili, lipasue chujio lililotoka na uikunjue karatasi yake mwangani. Weusi ni wa kawaida. Ukiona vumbi jepesi linalong'aa, rudia zoezi hilo baada ya kilomita 1,000 ulinganishe. Ukiona vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole, usiliwashe tena gari hilo. Sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, ifunguliwe na beringi za konrodi zikaguliwe moja baada ya nyingine, kwa sababu katika hatua hiyo krankishafti bado inaweza kuokolewa.